Ukuta wa Dari: Mkristo, Chanjo na Jirani Asiyemjua

Agosti 2021, uwanja wa kituo kimoja cha afya, saa nne asubuhi. Foleni ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Shehena ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19, dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilizokuja kwa COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, ilikuwa imetua Dar es Salaam tarehe 24 Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameshachanjwa mbele ya kamera siku nne baadaye. Mbele yangu alikaa mzee wa kanisa, umri umekwenda, fomu ya ridhaa kaichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo kama alama ya ukurasa. Nesi alipomfikia, mzee akaanza na salamu.

"Bwana asifiwe, mwanangu."

"Amina. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nina swali moja tu, halafu nasaini. Kanisani tumeambiwa tuchanje kwa ajili ya wengine. Sasa hii sindano inamkinga nani hasa, mimi au wajukuu zangu?"

Nesi akafikiri kidogo. "Wewe kwanza, babu. Wajukuu kidogo."

Mwaka ule nilisikia mengi kuhusu chanjo na imani: madhabahuni, kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp ya jumuiya. Sikumbuki jibu jingine lililobeba ukweli mwingi kwa maneno machache kama lile. Waliosema "chanjo ni upendo" walisema kana kwamba kila chanjo ni ileile na kila jirani ni yuleyule. Waliosema "aliyeokoka hachanji" hawakumtaja jirani kabisa; mazungumzo yao yote yalikuwa mwili wangu, ulinzi wangu, Mungu wangu. Nesi peke yake ndiye aliyeona kwamba swali la mzee lina sehemu mbili, na kwamba sehemu ya kwanza si ya teolojia. Kabla hujauliza kama upendo unakudai uchanjwe, sharti ujue sindano hiyo inafanya nini kwa mtu ambaye haikumchoma.

Tuanze na surua, maana ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huambukiza watu 12 hadi 18. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Tena huanza kuambukiza siku nne hivi kabla ya vipele, wakati mama yake bado anadhani ni mafua tu. Sasa ipeleke hesabu hiyo kanisani Jumapili, watoto wamebanana kwenye mabenchi ya mbele wakisubiri zamu yao ya kuimba. Mmoja wao ana surua na hakuna ajuaye. Tuseme angeambukiza wenzake 15. Kama 14 kati yao wana kinga, anabaki mmoja wa kuambukizwa, naye atampata mmoja. Ugonjwa unajikokota hivyohivyo. Kinga ikizidi kidogo hapo, mnyororo unakatika. Kumi na nne katika kumi na tano ni kama asilimia 93, na kwa kuwa chanjo haishiki kwa kila anayechomwa, wataalamu hutaka watoto wasiopungua asilimia 95 wapate dozi mbili. Hiyo ndiyo kinga ya jamii inayotajwa kila siku redioni bila kufafanuliwa.

Na nani anaishi chini ya kivuli chake? Kwetu dozi ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akifika miezi tisa, ya pili akiwa na miezi 18. Kinga aliyotoka nayo tumboni huwa imeanza kupungua kabla ya hapo, kwa hiyo kuna kipindi ambacho mtoto hana ya mama wala ya sindano. Nenda kwenye mkeka wa nyuma ya kanisa, pale akina mama wanaponyonyeshea, utawakuta wote wapo. Mwongeze na mtoto anayetibiwa saratani ya damu, ambaye chanjo yenye virusi hai, kama hii ya surua, hawezi kupewa. Hawa hawakukataa kuchanjwa. Kinga yao ni miili ya watu wengine.

Kuna amri moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 mstari wa 8, ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa, labda kwa sababu nyumba zetu nyingi ni za bati la mgongo. Inasema ukijenga nyumba mpya uweke ukuta kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Nyumba za huko zilikuwa na paa bapa, mithili ya zile za mawe za Lamu, na watu walipanda kupunga upepo, kulala, kuanika vitu. Mwenye nyumba anajua dari yake inaishia wapi, hata gizani. Ukuta ule ni wa mgeni, wa mtoto wa jirani, wa mtu ambaye hajapanda bado na pengine hatapanda. Na sheria haimwambii mgeni aangalie anapokanyaga. Inamwambia mwenye nyumba ajenge. Sijapata mfano mzuri zaidi wa kumweleza Mkristo maana ya chanjo ya surua.

Ukuta ukikosekana tunajua kinachotokea. Aprili 2022 surua ilizuka katika jimbo la Manicaland, Zimbabwe, na serikali ikasema ilisambaa baada ya mikusanyiko ya kidini. Miongoni mwa walioumia zaidi walikuwa waumini wa makanisa ya kitume ambayo baadhi yake hukataza dawa za hospitali. Hadi Septemba watoto zaidi ya 600 walikuwa wamekufa, wengi wao hawajachanjwa. Wazazi wale waliwapenda watoto wao, na sina shaka waliomba usiku na mchana. Ila wengi walikuwa wamekusanyika pamoja, kwa upendo, bila ukuta.

Lakini surua haituonyeshi fundo lote, kwa sababu mtoto anayechanjwa naye ananufaika sana. Chanjo inayofundisha zaidi ni ile iliyo kwenye chupa hiyohiyo moja, ambayo wazazi wengi hawajui hata kama ipo: rubella. Tanzania iliianza mwaka 2014, ikiwa imeunganishwa na ya surua. Rubella kwa mtoto ni jambo dogo, vipele vya siku tatu na homa ya kawaida. Ikimpata mama mwenye mimba changa, habari ni nyingine kabisa: mimba huharibika, au mtoto anazaliwa kiziwi, ana mtoto wa jicho, moyo una kasoro. Mlipuko uliopiga Marekani mwaka 1964 na 1965 uliacha watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara ya namna hiyo.

Sasa fikiria mvulana wa miezi tisa anayelia kwenye mapaja ya mama yake Jumatano ya kliniki. Rubella isingemfanya kitu cha maana. Hatabeba mimba maishani mwake. Anachomwa kwa ajili ya mtoto aliye tumboni mwa mwanamke asiyemjua, labda abiria mwenzake wa basi miaka mitatu ijayo. Paulo aliwaandikia Wakorintho, "Mtu asitafute faida yake mwenyewe, bali faida ya mwenzake." Kama kuna sindano inayotekeleza mstari huo neno kwa neno, ni hii.

Pepopunda iko kinyume chake. Haiambukizi mtu kwa mtu. Vijidudu vyake vinakaa udongoni na kuingia kwenye jeraha. Hata watu milioni moja wakichanjwa kukuzunguka, ukikanyaga msumari hawakusaidii lolote. Kwa hesabu hiyo ungesema hapa hakuna jirani. Yupo, ila yuko karibu mno hata hatumhesabu: kitovu cha mtoto kikikatwa kwa wembe mchafu, kinachomwokoa ni kinga iliyopita kwenye kondo la nyuma kutoka kwa mama aliyechanjwa. Ndiyo maana kampeni za pepopunda hulenga wanawake wenye umri wa kuzaa. Mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya waliuliza kwa nini wanachanjwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 tu na si wavulana, wakadai chanjo imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Mimi nasema kuuliza halikuwa kosa. Kanisa linaendesha hospitali na zahanati nyingi Kenya na lina haki ya kujua linachowachoma watu. Ila swali la "kwa nini wanawake tu" lilikuwa na jibu jepesi, na jibu lenyewe ni kile kitovu. Shaka ilienea mitaani, jibu halikufika mbali.

Na UVIKO? Hapo ndipo nesi alipokuwa amesimama, katikati. Chanjo zile zilifanya kazi nzuri sana ya kumzuia aliyechanjwa asizidiwe na asife. Kuzuia maambukizi kwa wengine zilipunguza, lakini kwa sehemu na kwa muda. Baada ya miezi kadhaa, na aina mpya za virusi zilipokuja, aliyechanjwa aliweza kuugua mafua yake na kumgawia jirani. Wahubiri waliokuwa wamewaahidi watu kwamba ukichanjwa huambukizi walijikuta pabaya, na waliokuwa wakipinga wakashangilia. Lakini kuna jirani wa tatu ambaye pande zote mbili zilimsahau. Mwaka ule oksijeni ilikuwa haba. Mzee ambaye hakuzidiwa ni mzee ambaye hakulala kwenye kitanda fulani, wala hakutumia mtungi fulani, na kitanda hicho na mtungi huo alivikuta mtu mwingine usiku huohuo. Hilo nalo ni "wajukuu kidogo."

Nimekaa sana kwenye hesabu kwa makusudi. Hoja ya upendo ikisimama juu ya jambo la uongo huanguka na kuvunja na imani ya msikilizaji. Historia ina somo la ajabu hapa. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston, Marekani. Mchungaji wa Kipuriti aitwaye Cotton Mather alikuwa amesikia kutoka kwa mtumwa wake Mwafrika, Onesimus, kwamba kwao watu walitiwa usaha kidogo wa ndui kwenye jeraha, wakaugua kidogo, na hawakuupata tena ugonjwa huo. Jina ni lilelile la Onesimo wa Waraka kwa Filemoni, na naye alikuwa mtumwa. Mather akamshawishi daktari Zabdiel Boylston ajaribu. Mji ukawaka moto. Mtu mmoja akatupa bomu la mkono nyumbani kwa Mather. Mwishowe watu wasiopungua 240 walikuwa wametiwa usaha na sita wakafa, ilhali kati ya waliougua kwa njia ya kawaida, karibu watu 6,000, walikufa zaidi ya 800.

Kila anayesimulia kisa hiki huishia hapo, sayansi ikishinda ujinga. Lakini waliopinga walikuwa na hoja moja nzito: aliyetiwa usaha aliugua ndui halisi, na alipokuwa mgonjwa aliweza kuwaambukiza majirani. Kwa lugha ya leo, hoja ya "kwa ajili ya wengine" ilikuwa upande wa wapinzani! Chanjo tuliyonayo sasa haiko hivyo, na ndiyo maana hoja imehama upande. Upendo haujabadilika. Kilichobadilika ni kinachoingia mwilini.

Tena haikuwa bila gharama. Mwaka 1758 mhubiri maarufu Jonathan Edwards, akiwa ndiyo kwanza ameshika uongozi wa chuo cha Princeton, alikubali kutiwa usaha wa ndui. Akafa kwa hiyo hiyo ndui, tarehe 22 Machi. Chanjo za sasa ni salama mno ukilinganisha na usaha ule, ila sifuri haipo. Ile ya Johnson ilibainika kusababisha mgando wa damu kwa watu wachache sana, na Aprili 2021 Marekani iliisimamisha kwa siku kadhaa ichunguzwe. Mkristo anayehimiza wenzake kuchanjwa na kulificha hilo anawanyima nafasi ya kutoa kwa hiari. Huwezi kumsifu mtu kwa sadaka uliyomficha bei yake.

Sasa tuje kwenye imani yenyewe. Zaburi iliyosomwa kuliko zote wakati wa korona ilikuwa ya 91: "Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako." Iliandikwa kwenye vitambaa, kwenye vioo vya bajaji, kwenye hadhi za WhatsApp. Ni zaburi nzuri, nami naisali. Lakini angalia ni nani aliyeinukuu katika Injili ya Mathayo, sura ya nne. Ni Ibilisi, juu ya kinara cha hekalu, akimwambia Yesu ajitupe chini kwa sababu malaika watamchukua mikononi mwao. Maneno ni ya Zaburi 91, mstari wa 11 na wa 12. Na Yesu hakusema zaburi ni ya uongo. Alijibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Ahadi ni ya kweli, ila haikutolewa ili mtu aruke. Halafu huyo aliyeshawishiwa kuruka angejiumiza mwenyewe. Sisi tunaposhikilia zaburi hiyo na kukusanyika tukikohoa, tunamrusha na jirani.

Mwenye wasiwasi kwamba dawa ni kukosa imani na asome habari za mfalme Hezekia, 2 Wafalme 20. Maombi yake yameshasikiwa. Mungu ameshasema anamwongezea miaka kumi na mitano. Ndipo Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nini kilibaki kuombwa hapo? Hakuna. Na bado tini ziliwekwa.

Hili si jambo la vitabuni tu kwetu. Aprili 2020 taifa zima la Tanzania liliitwa kwenye siku tatu za maombi dhidi ya korona, na watu wengi wema waliomba kwa machozi. Januari 2021 Rais John Magufuli, akiwa Chato, alitilia shaka chanjo za kutoka nje hadharani. Mwezi huohuo maaskofu Katoliki wakaandika kuwaonya waumini kwamba ugonjwa upo na nchi yetu si kisiwa. Machi, Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, akawaambia waandishi wa habari kwamba katika miezi miwili wamefariki mapadri zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60, akahimiza tahadhari. Nani atasema hao hawakusali? Masista ndio waliokuwa wakisali kuliko sisi wote.

Fundo gumu zaidi nimeliacha hadi hapa, nalo ni asili ya chanjo zenyewe. Kuna Wakristo ambao hawaogopi sindano wala hawana shida na sayansi. Wanauliza: imetengenezwa kwa kutumia nini? Swali lao ni la haki. Chanjo ya Johnson, ileile iliyotufikia kwanza, ilizalishwa kwa seli ziitwazo PER.C6, zilizooteshwa maabara kutoka kwenye tishu ya jicho la mimba iliyotolewa Uholanzi mwaka 1985. Chanjo ya rubella nayo, hiyo niliyoisifu hapo juu, huoteshwa kwenye seli za ukoo wa namna hiyo ulioanzishwa miaka ya 1960. Seli za leo ni vizazi na vizazi vya zile za mwanzo, na chanjo husafishwa kabla ya kutiwa chupani. Lakini kusafishwa hakufuti historia, na Mkristo anayeamini kutoa mimba ni kuua hawezi kuambiwa tu anyamaze.

Maaskofu wa Marekani walisema Machi 2021 kwamba mwenye nafasi ya kuchagua achague Pfizer au Moderna badala ya Johnson. Ushauri mzuri, kwa wenye kuchagua. Pale kituoni kwetu kulikuwa na aina moja, kwenye boksi la baridi moja.

Vatikani ilikuwa imeshalijibu hilo tarehe 21 Desemba 2020, kwa hati ya Idara ya Mafundisho ya Imani. Ukiiweka kwa lugha ya nyumbani inasema hivi: kama hakuna chanjo isiyo na doa hilo, kuitumia iliyopo si dhambi, kwa sababu anayechanjwa leo yuko mbali mno na tendo lile, hakulitaka, hakulifanya, halisababishi lirudiwe, na hatari iliyo mbele yake ni kubwa. Wakati huohuo watengenezaji wadaiwe watafute njia nyingine. Huo umbali ndio unaobeba hoja nzima. Mfano wake uko sokoni Korintho, karne ya kwanza. Nyama nyingi iliyouzwa pale ilikuwa imepita mahekaluni, imetolewa sadaka kwa sanamu. Paulo alichukia ibada ya sanamu kuliko kitu chochote, na bado akasema kila kiuzwacho sokoni kuleni, bila kuulizauliza. Ila akaongeza: kama mwenzako dhamiri yake inaumia, acha kwa ajili yake. Kumbe hata pale kipimo kilikuwa jirani.

Na kwenye rubella mambo yanajipinda kwa namna ambayo ingenifanya nicheke kama isingekuwa nzito. Chanjo ambayo asili yake inawasumbua watetezi wa mimba ndiyo inayozuia mimba zisiharibike. Mtu mwenye dhamiri safi anaweza kuikataa kwa kumhurumia mtoto mmoja wa zamani, na kwa kukataa kwake kumhatarisha mtoto mwingine ambaye bado yuko tumboni. Siwezi kusema huruma yake ni ya uongo. Nasema inamtazama jirani aliyekwisha kufa kuliko anayekuja.

Hofu kwamba chanjo ni alama ya mnyama nitaipita haraka. Ufunuo 13 unasema alama ile ni ya wanaomsujudu mnyama, inawekwa kwenye mkono wa kuume au kwenye paji la uso, na asiye nayo hawezi kununua wala kuuza. Wengi wetu tulichomwa bega la kushoto. Tena kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, tunalo tangu uchanga, na hakuna aliyewahi kuzuiwa kununua sukari dukani kwa kulikosa.

Shaka kwa wakubwa wa dunia ni jambo jingine, na sitalidharau. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa iitwayo Trovan. Watoto 11 waliokuwa kwenye jaribio hilo walikufa, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa fidia ya dola milioni 75. Anayekumbuka hayo si mshamba. Kinachotakiwa ni kuuliza swali sahihi kwa kila chanjo: imejaribiwa wapi, kwa nani, nani mwingine anaitumia? Chanjo ya surua-rubella inapita mtihani huo kwa urahisi. Watoto wa Ulaya wanachomwa za aina hiyohiyo.

Je, Mkristo alazimishwe? Hapa hati ile ya Vatikani ina sentensi mbili, na kila upande huchukua moja na kuiacha nyingine barabarani. Ya kwanza: kuchanjwa, kwa kawaida, si wajibu wa kimaadili wa lazima, kwa hiyo kuwe kwa hiari. Wapinzani waliikata wakaisambaza. Ya pili: anayekataa kwa ajili ya dhamiri anapaswa kufanya kila awezalo, kwa njia nyingine za kujikinga na kwa mwenendo wake, asiwe chombo cha kupitisha maambukizi, hasa kwa wale ambao kwa sababu za kiafya hawawezi kuchanjwa. Hiyo sikuiona kwenye WhatsApp hata mara moja. Maana yake kwa vitendo ni ngumu: ukiwa na kikohozi ubaki nyumbani hata Jumapili ya Pasaka, uwe mbali na mkeka wa akina mama, usiende kumwombea mgonjwa wa saratani kwa kumwekea mikono. Uhuru wa dhamiri upo, ila una kodi, na kodi hailipwi na jirani.

Kwetu hiari ilikuwepo kwenye karatasi, ndiyo ile fomu ya ridhaa. Mjadala wa hadhara ulikuwa mkali zaidi. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo Mbunge wa Kawe, alihubiri kuipinga chanjo, na Bunge likamsimamisha mikutano miwili kwa kauli zake. (Waziri wa Afya aliyetakiwa kumjibu alikuwa Dk. Dorothy Gwajima, jambo lililowavuruga sana wageni waliosoma magazeti yetu.) Kumsimamisha mtu ni haki ya Bunge, lakini muumini aliyekaa kwenye kiti chake cha plastiki na swali moyoni hakujibiwa na adhabu ile. Alihitaji mtu wa kumwambia "wewe kwanza, wajukuu kidogo," na kisha kumwacha aamue.

Mzee yule alikaa kimya baada ya jibu. Kisha akaniomba kalamu, akaitoa fomu kutoka kwenye kitabu cha nyimbo, akasaini kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma shule za misheni. Alipochomwa hakusema kitu. Nesi akamwelekeza kwenye benchi chini ya mwembe asubiri dakika kumi na tano aangaliwe kama ana mabadiliko yoyote, nami nilipomaliza nikaelekezwa hukohuko. Aliponiona nakuja akasogea kunipisha, kisha akakumbuka ile mita moja, akasogea tena.